Koki ya Jumamosi

Ijumaa, 7 Machi

Leo wamenipa cheti. Mbele ya kiwanda kizima — zamu zote mbili, watu wa ofisini, mpaka walinzi wa geti. Meneja alilisoma jina langu kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari. Mlinzi wa Mazingira wa Mwaka. Mimi! Mwosha chupa kwa miaka kumi na tisa.

Kisa chenyewe kidogo tu. Kwenye mashine yetu chupa tupu za soda zinalowekwa, zinapitishwa kwenye kostiki ya moto, ile dawa kali inayokula uchafu na hata ngozi, halafu zinasuuzwa mara mbili. Maji ya kusuuzia ya mwisho hutoka safi, ungeweza kuyachemshia chai. Tulikuwa tunayamwaga mferejini. Mwaka jana nikamwambia Koleo, fundi wetu wa mabomba, tuyarudishe mwanzo wa mashine yakaloweke chupa chafu. Bomba la mita saba, pampu kuukuu, na wiki tatu za kugombana na Koleo. Sasa tunatumia nusu ya maji ya zamani, na mtaa wa nyuma ya kiwanda mabomba yao hayakauki tena mchana.

Picha yangu wameibandika getini, kubwa kama mlango. Nimevaa kofia ya nywele, meno yote nje. Wifi yangu kaitazama, kanitazama. Kauliza kama kuanzia kesho wataingia kazini kwa kupiga magoti. Wifi ni dada wa mume wangu, anakaa kwenye taa ya kukagulia chupa. Ufa mwembamba kama unywele haumpiti. Makosa yangu pia hayampiti.

Kichwa kimenivimba. Acha kivimbe, siku moja tu.

Jumamosi, 8 Machi

Kazi ya kawaida. Tumebadilisha kostiki ya tangi kubwa, ni Jumamosi yake. Nimefungua koki ya chini saa tano, ikaenda yote mferejini kwa nusu saa, nyeusi na yenye moshi. Tumejaza mpya. Saa saba mashine inanguruma tena.

Wifi kaniletea kioo kidogo cha mkobani. Eti mlinzi wa mazingira ajitazame, ana uchafu shavuni. Kweli ulikuwepo.

Jumapili, 9 Machi

Mume wangu kanilazimisha niende naye bwawani. Anataka watu wanione. Yeye ndiye mwangalizi pale, kazi yake kukaa kwenye kiti kirefu na kuwapulizia watoto filimbi wasirukie upande wa mawe. Wote wanamwita Filimbi. Leo alinitangaza kwa kila mtu aliyelipa kiingilio. "Mnamwona huyu? Picha yake iko kiwandani." Nilitaka kujificha chini ya maji — lakini sijui kuogelea!

Nimekaa na Mwalimu. Ni mstaafu, magoti yamechakaa, daktari kamwambia aogelee kila Jumapili. Bibi wa watu anaogelea kama boti. Leo alitoka mapema, macho mekundu, anapapasa taulo.

"Jumapili iliyopita nilifungua macho chini ya maji nikahesabu vidole vyangu," kasema. "Leo ni kama nimekata gunia la vitunguu."

Nikasema labda ni vumbi. Mume wangu akakataa. Si vumbi. Jumapili moja inakuwa hivyo, inayofuata haiwi. Yeye huandika. Kanionyesha daftari lake: idadi ya waogeleaji, hali ya maji, ajali. Pembeni, kwa penseli, kila baada ya wiki mbili, neno moja: macho.

Tumecheka, tumesema bwawa nalo lina zamu kama kiwanda.

Njiani kurudi nikaacha kucheka. Jumapili moja ndiyo, moja siyo. Kijito kinachojaza bwawa kinapita nyuma ya ukuta wetu.

Jumatatu, 10 Machi

Nilinakili tarehe za daftari la mume wangu kwenye kikaratasi, nikamwambia ni za mambo ya kazi. Leo nimekifungua kitabu cha zamu. Ni mwandiko wangu mwenyewe, kurasa zote.

Kostiki, 25 Januari. Macho, 26 Januari.
Kostiki, 8 Februari. Macho, 9 Februari.
Kostiki, 22 Februari. Macho, 23.

Sikuendelea. Nimeenda kusimama chooni mpaka wifi akaja kugonga.

Kostiki tumeimwaga miaka yote kumi na tisa. Lakini mume wangu kaanza kuandika macho Agosti mwaka jana, kabla ya hapo hakuna hata moja. Nimejiuliza kwa nini, asubuhi nzima, chupa zinapita mbele yangu sizioni. Halafu jibu likanijia, na nilitamani lisinijie.

Bomba langu lilianza kazi Julai.

Zamani yale maji safi tuliyokuwa tunayamwaga yalikuwa yanaisindikiza kostiki. Yalikuwa yanaizimua. Mimi nimeyaondoa. Sasa kostiki inaenda peke yake.

Jumanne, 11 Machi

Wakati wa mapumziko nimezunguka nyuma ya ukuta. Sijawahi kufika, miaka yote hiyo. Bomba la mfereji wetu linatokea kichakani. Chini yake hakuna kichaka — majani yamekauka rangi ya karatasi iliyoungua, mawe yana ukoko mweupe. Kijito chenyewe msimu huu kinafika kwenye kifundo cha mguu. Nyani haoni kundule, ndiye mimi.

Nimepita getini kurudi ndani. Ile picha inacheka.

Jioni nimemwambia mume wangu yote. Alikuwa anakaza msumari kwenye mguu wa meza. Aliukaza mpaka mwisho kabla ya kujibu.

"Kwa hiyo anayenipa kazi Jumapili ni mke wangu."

Nikasema ndiyo.

Kaweka nyundo mezani. Kisha akaniuliza tutamwaga tena lini. Nikamwambia Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili. Akasema sawa. Ile koki ikifunguliwa Jumamosi hiyo, yeye Jumapili hatamruhusu mtu kuingia majini, na kwenye ubao wa mlangoni ataandika sababu. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja saa za kufungua na kufunga.

Sikumlaumu. Mimi ningemwoa tena kwa jibu hilo, kama wanawake wangekuwa wanaoa!

Alhamisi, 13 Machi

Nimeingia ofisini kwa Meneja na kitabu cha zamu na kikaratasi cha tarehe. Meneja si mtu mbaya. Anajua majina ya watoto wetu. Lakini Jumatatu ya tarehe ishirini na nne wanakuja wageni kutoka makao makuu, wanakuja kutuona sisi, kiwanda cha mfano kwa kutunza maji. Shati lake lilishaanza kulowa.

Alisoma tarehe zote. Hakubisha, namshukuru kwa hilo. Akasema dawa ni rahisi: Jumamosi ile nikifungua koki, nifungue na maji safi ya bomba kwa wingi, yaende pamoja, kama zamani.

Nikamwuliza ni maji kiasi gani. Tukapiga hesabu wote wawili. Ni matumizi ya mtaa wa nyuma kwa siku mbili.

"Meneja, hayo si ndiyo maji mliyonipa cheti kwa kuyaokoa?"

"Mama, ni mara moja tu. Wageni wakishaondoka tutakaa tulizungumze."

"Na Jumamosi ya baada yake?"

Akafungua droo, akaifunga. Simu ikalia, ikamwokoa.

Ijumaa, 14 Machi

Koleo ana tabia moja: ukimwambia kitu hakiwezekani, hali chakula. Kwa hiyo leo nimemwambia kostiki haiwezi kuuawa, hakuna njia.

Kaacha kijiko hewani. "Nani kasema? Asidi inaiua."

"Hatuna asidi."

"Mama, tunaiuza. Kila chupa inayotoka hapa." Kanigeuzia soda aliyokuwa anakunywa. Ile gesi ya mapovu ikizama kwenye maji inakuwa asidi, dhaifu lakini ya kweli, ndiyo inayowasha ulimi. Tuna chumba kizima cha mitungi yake. "Ipitishe gesi ndani ya kostiki, itapungua ukali kidogo kidogo mpaka iishe."

Miaka kumi na tisa vitu hivyo viwili viko nyumba moja. Ukuta mmoja katikati.

Jumamosi, 15 Machi

Tumejaribu! Baada ya zamu, uani, kwa ajili ya hewa. Tulichota kostiki iliyotumika ndoo kumi, tukaimimina kwenye pipa la chuma. Glavu ndefu, miwani, aproni za plastiki. Koleo alitoboa bomba jembamba matundu mengi kama la kumwagilia bustani, akalizamisha, akalifunga kwenye mtungi uliokuwa umebaki robo.

Nina chupa ndogo ya matone ya kupimia, ndiyo ninayotumia kuhakikisha chupa zikitoka mashineni hazina kostiki. Tone moja: kama kuna kostiki, maji yanageuka waridi. Nikachota kikombe kutoka kwenye pipa, na kwa tone la kwanza yakawa waridi ya kutisha, kama wino. Tukafungua gesi. Mapovu. Baada ya dakika kumi, bado wino. Dakika ishirini, bado. Wifi alikuwa amekaa kwenye kreti, mikono kifuani, alibaki eti atusindikize nyumbani. Akasema tunapikia pipa soda.

Dakika ya thelathini na tano waridi ikapauka. Dakika ya arobaini na mbili nikadondosha tone — hakuna. Nikadondosha jingine. Maji yakabaki maji, machafu ya kijivu, lakini maji.

Koleo akafunga mtungi. Alinipa mkono, tukapeana na glavu zetu.

Wifi akaja kuangalia kikombe. Alikiinua kwenye mwanga vile vile anavyoinua chupa. Alikitazama muda mrefu kuliko anavyotazama chupa. "Kimepita," akasema.

Nimeshaolewa, nimeshazaa, nimeshapewa cheti. Sijui kama nimewahi kujisikia hivi.

Jumapili, 16 Machi

Jumapili isiyo ya macho. Nimeingia majini mpaka magotini, sketi nimeikusanya mkononi. Maji baridi. Niliona kucha zangu. Mwalimu kanipita akiogelea mgongo, kanimwagia maji makusudi, kaenda zake.

Nilimwambia akitoka. Sikutaka alisikie kwa mwingine. Akakausha masikio yake kwanza, sikio moja, la pili.

"Nimefundisha miaka thelathini na minne," akasema. "Mwanafunzi akija mwenyewe kusema amevunja dirisha, simchapi. Namuuliza tu kioo kipya kinapimwa lini."

Nikamwambia Jumatano namwonyesha Meneja dawa yetu.

Jumatano, 19 Machi

Meneja amekuja uani, ameona pipa jingine tulilomtengenezea. Amedondosha tone kwa mkono wake mwenyewe. Alifurahi kabisa, alifurahi kama mtoto! Akataka kujua mitungi mingapi kwa tangi zima. Minne, akasema Koleo. Na muda? Saa sita, mashine imesimama.

Hapo furaha ikashuka. Jumamosi nzima mashine isisimame zaidi ya saa mbili, kasema. Kuna kreti elfu tatu lazima ziwe ghalani Jumatatu wageni wakifika. Ghala tupu kwenye kiwanda cha mfano — je, inasemaje? Wazo ni zuri mno. Ataliandikia ripoti. Aprili.

Nikasema tusibadilishe kostiki Jumamosi basi, tusubiri. Akaniuliza kama chupa zitatoka safi na kostiki ya wiki tatu. Anajua jibu langu. Hazitatoka safi, na mimi chupa chafu sipitishi.

"Kwa hiyo Jumamosi utafungua, mama. Na maji safi yaende pamoja."

Sikujibu. Nilidhani kutojibu ni jibu. Nafikiri yeye kalichukua kuwa ndiyo.

Ijumaa, 21 Machi

Wifi amekuja nyumbani baada ya kazi, hakukaa. Alizungumza na mimi akiwa amesimama mlangoni. Anasema wanawake ishirini na mmoja wanakula kwenye ile mashine. Anasema wageni wakikuta ghala tupu watauliza kwa nini tusihamie chupa za plastiki kama viwanda vingine, zisizooshwa, na hapo hakutakuwa na kostiki wala koki wala sisi. Nimelifikiria hilo? Au nimelewa sifa za picha ya getini?

Nimelifikiria. Nimelifikiria kila siku tangu Alhamisi ile. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia pia kwamba chupa yetu ya kioo inarudi, inaoshwa, inaondoka, inarudi tena, ile ya plastiki inaishia bwawani ikielea, mume wangu anaiokota na wavu. Sisi ndio kazi safi. Ila tukiendelea na ile koki, hatuna mdomo wa kusema hivyo.

"Na mdomo wa kula?" akauliza.

 Akaondoka bila kuaga, halafu akarudi kuchukua mwavuli wake, halafu akaaga.

Mume wangu alikuwa uani anapiga rangi ubao. Nyeupe, ya kuandikia juu yake. Hakuniambia ni wa nini, na mimi sikumuuliza. Tukala pamoja. Akaniongezea mboga.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika kwenye kreti, karibu na mashine. Siwezi kukaa bure.

Saa tano kasoro Meneja ameshuka mwenyewe. Wanawake wote kwenye laini, chupa za mwisho zimeshatoka. Alisema kwa upole, "Haya mama, wakati umefika."

Nikamwambia, "Mimi leo sifungui, Meneja."

Mashine ilikuwa imeshazimwa, kwa hiyo kila mtu alisikia.

"Picha yako iko getini," akasema.

"Ndiyo maana."

Sikupandisha sauti. Nilidhani nitalia, sikulia. Nilimwambia mitungi minne iko nyuma ya mlango, bomba la Koleo liko tayari, kinachotakiwa ni saa sita. Nilimwambia kreti elfu moja na mia nane zimeshaingia ghalani — wiki nzima hii tumekuwa tukianza nusu saa mapema na hakuna aliyetuomba. Zilizobaki tutazimaliza kesho, nimeshawauliza, wanaokubali ni kumi na wanne. Nilimwambia nitasimama mbele ya wageni mwenyewe Jumatatu na matone yangu, niwaonyeshe kuanzia wino mpaka maji. Na kama anataka, niwaambie pia ni nani aliyekuwa anafungua ile koki miaka yote. Sitasema ni kiwanda. Nitasema ni mimi.

Alinisikiliza. Kisha akageuka akamwambia wifi afungue yeye. Nadhani alimchagua kwa sababu alikuwa karibu.

Wifi aliangalia ile koki. Akavua glavu moja. Nikajua basi, na sikumchukia.

"Meneja," akasema, "macho yangu ni ya kukagulia chupa tu. Koki siijui." Akavua glavu ya pili, akaziweka zote mbili mezani, akaenda kukaa kwenye taa yake iliyozimwa.

Hakuna mwingine aliyesogea. Koleo alikuwa ameupinda mgongo juu ya boliti ambayo imekazwa tangu juzi.

Meneja kapanda juu kupiga simu makao makuu. Tunamwona kupitia kioo cha ofisi. Anatembea dirishani, anarudi. Ana mkono mmoja shingoni.

Saa tano na dakika ishirini. Bado anazungumza.

Wanawake wamekaa kwenye kreti, mstari mzima. Mmoja anasuka nywele za mwenzake. Mfereji uko mkavu. Sikumbuki Jumamosi kama hii ambayo mfereji ulikuwa mkavu saa hizi.

Saa tano na nusu. Kaweka simu chini. Hatoki. Amekaa.

Nafikiria nikifukuzwa nitasema nini nyumbani. Nafikiri nitasema tu kwamba leo nimefanya kazi vizuri.

Anashuka. Ngazi ile ya chuma inapiga kelele kila hatua.

Amefika. Hakunitazama mimi, alimtazama Koleo. Kauliza: kwa mitungi sita badala ya minne, inachukua saa ngapi?

Koleo kasema saa nne. Labda nne na nusu.

Meneja katazama saa yake ya mkononi. Kaitazama tena. Hajasema ndiyo. Hajasema hapana. Anahesabu kitu midomo ikicheza, na watu ishirini na mmoja wanamtazama midomo.

Koleo ananiangalia, bomba mkononi.

Nimemwambia aunganishe mtungi wa kwanza.